Pindo Halikanyagwi

Pimamaji aliinua kichwa kutafuta pa kuweka mwiko, ndipo akaona alichojifanyia.

Mbele yake kilikuwa chumba kizima cha vigae vibichi, vimelala juu ya saruji laini kama uji, kuanzia mlangoni hadi kwenye vidole vya miguu yake. Nyuma yake ulikuwa ukuta. Kati ya vigae na ukuta kilibaki kipande cha sakafu tupu kisichotosha hata kutandika mkeka, na juu ya kipande hicho alisimama yeye, ndoo yake na nyundo yake ya mpira. Kulia kwake, kwenye ukuta huohuo, kulikuwa na dirisha. Alipanga kutokea hapo. Tangu asubuhi alipanga hivyo, na mpango ulikuwa mzuri, maana dirisha lile lilikuwa pana, limekaa chini, na halikuwa na nondo.

Sasa lilikuwa na nondo.

Fundi wa kuchomelea, yule wanayemwita Cheche, alikuja mchana na mashine yake, akapiga makelele, akarusha moto huku na huku, akaondoka. Na Pimamaji alimwona. Hilo ndilo lililomuuma. Cheche alipouliza, "Kaka, hebu nitazamie, imekaa sawa hii?" yeye mwenyewe alimpitishia pimamaji dirishani na kumwambia ashushe kidogo upande wa kushoto. Alisaidia kujenga gereza lake, tena likakaa wima kabisa.

Jina la utani na chombo vilikuwa kitu kimoja. Watu walimwita Pimamaji kwa sababu ya sakafu zake, ambazo ukiweka gololi haijui iende wapi, na kwa sababu ya mdomo wake. Hakujua kupinda neno. Mchuzi ukiwa mbaya alisema mbaya. Mtu akimwuliza kama amenenepa, aliambiwa amenenepa. Shule aliiacha mapema, na alikuwa akisema kwamba kama kuna darasa walilofundishwa watu kuzunguka wanapozungumza, yeye siku hiyo alikuwa ameshaondoka.

Kila fundi wa vigae anajua sakafu huanzwa ukuta wa mbali na kumaliziwa mlangoni. Ndivyo mtu anavyotoka kwa miguu yake. Lakini sakafu hii ilikuwa na pindo. Pindo ni ule ukanda wa nakshi unaozunguka chumba chini ya kuta, na pindo la nyumba hii lilikuwa la vipande vidogo vyeusi na vyeupe, mstari mmoja unaokwenda mbele, unapinda, unarudi ulikotoka, unajikunja ndani, kisha unatoka na kuendelea, hivyohivyo bila kukatika hadi umalize kuta zote. Nakshi ya namna hiyo haina huruma. Ukikosea kipimo kidogo, mwishoni kichwa kinakuja hapa na mkia uko kule. Kwa hiyo mafundi huianzia mlangoni, ambako jicho la mgeni linatua, wakaipeleka pande mbili hadi zikutane kona ya mbali, nyuma ya kitanda, ambako aibu itafunikwa na shuka. Vigae vya katikati navyo vinalifuata pindo: vizima mlangoni, vya kukatwa huko mwisho. Pindo alilimaliza juzi. Leo alijaza katikati, akirudi nyuma kwa magoti kutoka mlangoni kuelekea dirishani, mikono inafanya kazi na kichwa hakipo.

Kichwa kilikuwa stendi.

Saa kumi basi lingeondoka na binti yake. Jina lake la nyumbani ni Kisoda, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa mfupi, mviringo, na ukimkanyaga unaumia wewe. Alikulia juu ya ndoo iliyogeuzwa akimtazama baba yake akipanga vigae. Akaanza kumpa vigae, kisha akaanza kumkosoa, na mwisho akawa fundi kamili, wakawa wanafanya kazi pamoja, ubishi asubuhi mpaka jioni. Sasa kampuni moja ya ujenzi katika mji wa mbali ilikuwa imemwita akasimamie mafundi wa sakafu kwenye jengo la ghorofa. Alimwambia baba yake kwa kuzunguka. Leo anautaja mji ule, kesho anasema hali ya hewa ya huko si mbaya, hadi Jumapili, mezani, akafika. Na Pimamaji, kijiko mkononi, alimjibu palepale.

"Ukipanda hilo basi, usiutafute mlango wangu."

Mkewe aliweka sufuria chini. Kisoda alinawa mikono na kuondoka mezani. Tangu hapo nyumba ilikuwa na watu watatu na hakuna aliyezungumza. Pimamaji ndiye aliyechagua kufanya kazi siku ya safari. Mwenye nyumba alimwambia hata wiki ijayo ni sawa tu, sakafu haikimbii. Akasema hapana, kazi ni kazi. Alitaka awe na sababu ya kutokwenda stendi.

Sasa alikuwa nayo, tena ya chuma.

Alizishika nondo kwa mikono miwili, akatikisa. Hazikutikisika. Cheche, mtu ambaye hajawahi kumaliza kazi bila kuitwa mara mbili, safari hii alifanya kazi safi.

"Fundi," sauti iliita kutoka mlangoni. "Mbona umesimama kama mtu anayepigwa picha?"

Huyo ndiye mwenye nyumba, mjane aliyekwisha kupita miaka sabini, aliyefanya kazi ya kutafsiri mahakamani maisha yake yote, amesimama kati ya mahakimu waliosema Kiingereza na watu ambao hawakukijua. Mtaa mzima ulimwita Mkalimani. Tangu asubuhi alikuwa ameweka kiti cha plastiki koridoni, nje kidogo ya kizingiti, akiilinda sakafu yake dhidi ya kuku na wageni.

"Nimefungiwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mkalimani alitazama vigae, akatazama dirisha, akaelewa. Alijitahidi asicheke. Mabega yakamsaliti.

"Cheka tu."

"Sicheki. Tuweke ubao, upite juu yake?"

"Ubao utazamisha vigae kumi badala ya viwili."

"Na huku pembeni, juu ya pindo?"

"Pindo halikanyagwi," Pimamaji alisema upesi. "Siku tatu. Ni sheria yangu."

"Basi tumpigie Cheche arudi akate nondo."

Simu iliyokuwepo ni ya Pimamaji. Ya Mkalimani ilikuwa kwa fundi simu, ilitumbukia kwenye beseni la nguo. Na hii ya Pimamaji ilikuwa mgonjwa: betri imechoka, ukiichomoa kwenye umeme inazima, na spika yake ilikufa siku ilipoangukia saruji, ukitaka kusikia lazima uibane sikioni. Ilikuwa imechomekwa koridoni, kwenye soketi iliyo karibu na kiti, kwa waya mfupi kama mkia wa mbuzi. Waya wa kurefushia umeme alikuwa ameondoka nao Cheche.

Mkalimani alipiga, akasikiliza, akaweka simu mapajani.

"Anasema yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Hakusema. Lakini nimesikia mtu anamwambia ashike vizuri ngazi."

Pimamaji alichuchumaa juu ya kipande chake. Magoti yalimuuma. Jua lilikuwa limehamia upande wa dirisha, na kivuli cha nondo kikaanguka juu ya vigae vyake vipya, mistari sawasawa, kama kwamba nacho kimepimwa. Chumba kilinuka saruji na rangi ya chuma. Alijaribu kunyoosha mguu mmoja, kisigino kikagusa ndoo. Alijaribu mwingine, kikagusa ukuta. Kila alipogeuka alikutana na sehemu nyingine ya mwili wake.

"Mwenzangu, unajua hili pindo linaitwaje?" Mkalimani aliuliza. Hakuwa mtu wa kukaa na mfungwa bila kuzungumza naye.

"Sisi mafundi tunaliita njoo-nenda."

"Waingereza wanaliita meander."

"Mianda."

"Hapohapo. Neno hilo nilikutana nalo nikiwa mgeni kazini. Mzee mmoja alikuwa anatoa ushahidi, ameanzia kwa babu yake, akapita kwa ng'ombe, akarudi kwa babu. Hakimu akachoka, akasema ushahidi huu ni meander tupu. Nikamgeukia mzee, nikamwambia, 'Maneno yako yanazunguka mno.' Mzee akaniambia, 'Mjibu hivi: nyumba yangu iko mbali na barabara.'"

Pimamaji aliguna. Ilikuwa karibu na kicheko, lakini haikufika.

"Jioni nikaenda kulitafuta kwenye kamusi," Mkalimani aliendelea. "Nilidhani nitakuta maana, nikakuta mto."

"Mto gani?"

"Mto wenyewe. Neno hilo mtu hakulitunga. Lilikuwa jina, kama wewe ulivyo na jina. Wagiriki wa kale waliuita Maiandros. Uko Uturuki ya leo, wenyewe wanauita Menderes, na mpaka sasa hivi tunavyoongea unatiririka. Ulikuwa na kona nyingi kiasi kwamba watu wakiona chochote kinachojipinda, njia, nakshi, hotuba, walisema: hicho ni Maiandros. Warumi wakalichukua jina, Waingereza wakalipata kupitia kwao, na kwao mtu akitembea bila kunyooka, au akisema bila kufika, anafanya huo mto."

"Kwa nini usinyooke tu?"

"Bonde ni tambarare. Maji hayana mteremko wa kuyasukuma. Yanamega udongo upande huu, yanauweka upande ule, kona inazidi kuwa kona."

"Huo ni uzembe," alisema Pimamaji.

"Na wenyeji walisema hivyohivyo. Leo shamba lako liko huku, mafuriko yakipita liko ng'ambo kwa jirani. Mwandishi mmoja wa kale aliandika alivyosikia, kwamba watu wa huko walikuwa wanaushtaki."

"Wanamshtaki nani?"

"Mto."

"Mahakamani?"

"Kabisa. Na ukipatikana na hatia unatozwa faini."

"Mto hauna mfuko."

"Faini ilitoka kwenye nauli za kivuko."

Hapo Pimamaji alicheka, akashika ukuta asije akaangukia vigae. "Na samansi nani aliipeleka? Alimpa nani asaini?"

"Hilo mimi najiuliza mpaka leo. Na mkalimani wake alikuwa nani." Mkalimani alirekebisha kiti. "Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua zaidi. Mdomoni mwa mto huo, unapoingia baharini, kulikuwa na mji wa bandari, mkubwa, una meli zake, una kelele zake. Mto ukaleta tope. Kidogo tu, kila mwaka kidogo, hakuna aliyeshtuka. Bahari ikasogea. Leo magofu ya bandari yako katikati ya mashamba, maji ya bahari huyaoni."

"Watu wakauhama mji?"

"Mwishowe, ndiyo. Lakini mji haukwenda popote. Bahari ndiyo iliyoondoka."

Pimamaji aliwaza nyumba yake kesho asubuhi: ndoo mbili zimegeuzwa uani, moja ya kukalia yeye, na moja isiyo na mtu. Alitazama nondo. Kicheko kilikuwa kimemtoka chote.

"Saa ngapi, mama?"

"Tisa na nusu imeshapita."

"Binti yangu anasafiri saa kumi. Anahama."

Mkalimani alimtazama. "Yule Kisoda? Na wewe uko hapa unapanga vigae ambavyo nilikwambia vinaweza kusubiri."

"Ndiyo."

"Mna ugomvi."

"Nilimwambia akipanda basi asiutafute mlango wangu."

"Wewe nawe," alisema Mkalimani. Alichukua simu. "Nampigia. Lakini huko uliko hawezi kukusikia, na hii simu haifiki huko. Itabidi nitafsiri."

"Mwambie maneno mazuri. Wewe unayo."

"Thubutu. Sikiliza sheria zangu. Siongezi neno, sipunguzi neno. Ukisema mimi, nami nasema mimi. Niliapa."

"Kiapo kiliisha ulipostaafu."

"Kiapo hakina kustaafu." Alikaa wima, akaweka miguu pamoja, akabonyeza. "Haloo. Mimi ni mkalimani wa baba yako. Hapana, hajafa. Hapana, si hospitali. Ni nyumbani kwangu." Akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza kwa nini hupigi mwenyewe."

"Mwambie nimefungiwa na vigae."

"Nimefungiwa na vigae," Mkalimani alisema kwenye simu. Akasikiliza. Kisha uso wake ukawa bapa na sauti yake ikawa ya mahakamani, na maneno yaliyotoka yakawa ya mtu mwingine kabisa: "Baba, umri wako wote hujawahi kudanganya. Usianze leo."

Pimamaji alihisi kama amepigwa kofi na bibi mzee asiyemjua. "Sidanganyi. Nilitaka kutokea dirishani, Cheche akaweka nondo."

"Sidanganyi. Nilitaka kutokea dirishani, Cheche akaweka nondo." Akasikiliza. "Cheche alikuja kazini siku aliyosema atakuja? Sasa ndiyo najua unadanganya."

"Mama yake yupo hapo?"

"Mama yako yupo hapo?" Akangoja jibu. "Yupo. Anasema…" Mkalimani alisita, simu sikioni. "Hapa, kama ni mahakamani, tungeandika kwamba shahidi alitoa sauti."

Pimamaji aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameisikia tangu Jumapili, kutoka jikoni. Alijifuta jasho kwa mkono wenye saruji, akaacha mstari mweupe kwenye paji la uso. Sasa alikuwa na nafasi ya kusema.

"Mwulize kama amebeba sweta."

"Umebeba sweta? Nimebeba."

"Dirisha la basi asilifungue. Vumbi."

"Dirisha la basi usilifungue, vumbi. Sawa, Baba."

"Matairi ameyaangalia?"

"Matairi umeyaangalia? Nimeyaangalia. Ni ya basi, yana upepo."

"Ule mwiko wangu mdogo, wenye mpini wa mti. Nilitaka auchukue."

"Ule mwiko wangu mdogo wenye mpini wa mti, nilitaka uuchukue. Nimeshauiba. Uko chini ya nguo."

"Na sabuni?"

Mkalimani hakuitafsiri sabuni. Aliiziba simu. "Fundi, nje ya kiapo: ule mto ungekuwa umeshafika baharini."

Pimamaji alitazama chini. Yeye, ambaye aliwahi kumwambia bwana harusi mbele ya wageni kwamba suti imembana, alikuwa anaizunguka sabuni. Jumapili neno lilitoka lenyewe, limenyooka, halikugusa hata meno. Leo alipotafuta neno la kulirudisha hakuona njia. Ukuta nyuma, nondo kulia, vigae mbele.

"Mwambie… lile neno la Jumapili."

"Lile neno la Jumapili." Mkalimani alisikiliza. "Nalijua. Sema unalifanya nini."

Aliisogeza ndoo kidogo. Akairudisha.

"Anangoja," alisema Mkalimani kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akasikiliza tena, na sauti ya bapa ikarudi: "Baba, chumba hicho ni kile chenye pindo la njoo-nenda, ulilokuwa unalichora kwenye karatasi ya mkate?"

"Ndiyo."

"Pindo ulilimaliza lini?"

Pimamaji alilitazama pindo. Alikuwa amemfundisha kazi mwenyewe.

"Shahidi ajibu," alisema Mkalimani.

"Juzi."

"Juzi," Mkalimani aliiambia simu. Na palepale: "Basi limeshashika. Pita juu yake."

"Pindo halikanyagwi. Siku tatu."

"Pindo halikanyagwi, siku tatu." Mkalimani alisikiliza, akitikisa kichwa polepole. Kisha akasema yote, neno kwa neno, bila kupepesa jicho: "Baba, mimi nilikuwa nalitembelea pindo lako siku ya pili, miguu peku, umenishika mkono, unaniambia nifuate mstari mweusi nisitoke nje. Siku tatu ni za wateja wasumbufu. Samahani, bibi, sijasema wewe. Baba, sitaki sauti ya bibi. Nataka yako. Dereva amewasha gari."

Koridoni kuku mmoja alijaribu kupita. Mkalimani alimsogeza kwa mguu bila kuondoa simu sikioni.

Alijua. Hilo ndilo Pimamaji alilolikuta moyoni alipotazama ule mstari mweusi. Alijua pindo linapitika tangu alipoinua kichwa na mwiko mkononi. Angeweza kutoka wakati huo, akafika stendi, akanunua hata maji ya safari. Nondo za Cheche zilimfaa. Vigae vilimfaa. Mtu aliyefungiwa haombi msamaha, anaombwa subira. Na sasa mtoto aliyemfundisha mwenyewe, akiwa mbali na akipigiwa honi, alikuwa ameuona mlango ambao yeye alijitia haoni.

Akavua viatu.

Njia fupi ilikuwa kushoto, lakini huko kulikuwa na ile kona ya mbali, pande mbili za nakshi zilipokutana vibaya. Aliibandua asubuhi hiyohiyo na kuipanga upya. Ilikuwa mbichi kama vigae. Ikabaki njia ndefu, kupitia kulia. Alipachika visigino ukutani, akauegemeza mgongo, akatandaza mikono, akaanza kwenda ubavuubavu, vidole vya miguu vimejikunja ili visiguse katikati. Akapita chini ya nondo, na ukingo wa dirisha ukamsukuma mbele, akavuta tumbo ndani. Akafika kona, akageuka kwa vipande, kwanza mguu, kisha bega, kisha kichwa. Mstari mweusi chini yake ulikwenda mbele, ukarudi, ukajikunja, ukatoka. Aliufuata.

"Anakuja," Mkalimani aliiambia simu, na hiyo haikuwa tafsiri. "Usikate. Anakuja kama mwizi wa kuku, lakini anakuja."

Kwenye ukuta wa mwisho kisigino chake kilibonyeza mahali pabaya, akasikia mlio mdogo, tik, na kipande kikahama. Hakutazama. Kizingiti. Koridoni. Mkalimani alimnyooshea simu, na kwa kuwa waya ulikuwa mfupi, Pimamaji alipiga magoti chini ya soketi, sikio karibu limebanwa ukutani, mtu aliyetoka kwenye kifungo kimoja akaingia kingine.

"Kisoda."

"Baba." Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma na mtu anataja namba za viti.

"Kuna mto mmoja," alisema Pimamaji.

Alisikia pumzi ya Kisoda. Mkalimani aliinua nyusi, akageuza kiti, akawapa mgongo.

"Kuna mto mmoja, watu waliushtaki. Kwa sababu haukuwa unanyooka, unahamisha mashamba ya watu. Ukatozwa faini, ikalipwa na watu wa kivuko. Ndiko pindo hili lilikotoka, mimi naliita njoo-nenda miaka yote, kumbe ni mto. Sasa mdomoni mwake kulikuwa na mji. Una bandari. Unasikia?"

"Nasikia. Kondakta ananitazama, lakini nasikia."

"Ule mji bahari iliuondokea. Mji ukabaki shambani, na bandari yake, hauna kazi nayo. Hiyo ndiyo niliyoiona Jumapili uliposema. Sikujua ndiyo ninayoiona. Niliona zile ndoo mbili za uani. Nikasema neno lililokuwa karibu. Nimelifuta. Mlango ni wako, ulikuwa wako hata nilipokuwa nalisema. Rudi mwakani, rudi kesho. Hao mafundi watakaokuwa chini yako, wakianzia sakafu mlangoni, waulize watatokea wapi."

Kisoda alicheka, na kicheko kikakatika katikati, kikawa kitu kingine.

"Ungeniambia hivyo Jumapili, Baba."

"Jumapili nilinyooka mno."

"Mama anashuka. Ananibusu. Analia, anajidai ni moshi. Baba, tunaondoka."

"Nendeni. Mimi sikati simu."

"Nami sikati."

Injini ilipanda sauti. Pimamaji alibaki palepale, magoti kwenye sakafu, sikio kwenye simu. Mkalimani alikuwa amesimama kizingitini akiinama kutazama pindo, mikono kiunoni.

"Umenivunjia nakshi," alisema. "Vipande viwili. Sasa nikushtaki wewe, au nimshtaki mto?"

"Nishtaki mimi, mama. Kesho navirudisha."

"Na faini?"

"Kachukue kwa watu wa kivuko."

Nje, mashine ya Cheche ilisikika ikishushwa, na sauti yake ikiuliza yuko wapi huyo mtu wa kutolewa gerezani. Hakuna aliyemjibu. Barabara ya kutokea mjini ina kona nyingi, na Pimamaji alikuwa anazisikia moja baada ya nyingine: dereva anapunguza gia, injini inalalamika, kimya kidogo, kisha inavuta tena. Kona ikaja, ikapita. Ikaja nyingine.